Kuni zangu zinaibiwa kwa nyuma, mbele rundo limesimama kama halijaguswa

MamaMunkoyo (Katuba, Lubumbashi), Jumapili jioni

Wapendwa, naomba mnisikilize, habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mjane, na kazi inayotulisha ni munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Anayejua munkoyo anajua kwamba uji wake haupikwi kwa mbabula (jiko dogo la mkaa). Chombo changu ni nusu pipa. Uji wa mahindi unachemka saa nyingi, ukishapoa natia mizizi iliyopondwa, unalala, kesho yake nauza. Ningepika kwa makala (mkaa), faida yote ingeishia kwenye gunia. Ndiyo maana natumia kuni.

Mwezi wa 5, mvua zilipokwisha, tulikata mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba. Aliupanda nkambo (babu) wa marehemu mume wangu. Niliumia kuukata, lakini mizizi ilikuwa imeshaanza kupasua msingi. Nililipa watu wa msumeno wa mashine siku mbili, halafu mimi na wanangu wawili wakubwa tukachanja kwa shoka na kabari, vipande vya nusu mita. Tukavipanga safu mbili zilizogusana, kila safu mita 6 kwa urefu na mita 1 kwenda juu. Kwa hesabu ya wauza kuni hizo ni steri 6 (steri moja ni rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1). Chini nilitandika matofali kwa sababu ya mchwa wa huku kwetu, juu nikaweka mabati ya zamani na mawe. Kiangazi kizima jua limezikausha mpaka ukigonganisha mbili zinalia.

Niliziweka kwa ajili ya mvua. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 kuni kavu hapa mjini ni shida, na bei yake kila mama wa Lubumbashi anaijua.

Alhamisi nilivuta kuni chache za safu ya mbele, rundo likainama kwa nyuma na kuporomoka. Nikachungulia. Ile safu ya nyuma, iliyo upande wa ukuta, ni pango. Theluthi mbili hazipo. Mtu amekuwa akichomoa za katikati usiku kwa usiku, na ameacha tabaka la juu limekalia magongo mawili aliyoyasimamisha, ili mabati yasishuke nikashtuka. Nimepotewa na steri 2 nzima.

Ukuta ule aliujenga mume wangu. Mvua ya mwaka jana ilimomonyoa kozi (mistari ya matofali) za juu, sasa unanifika kifuani. Upande wa pili wanajenga nyumba ya ghorofa, mafundi wanaingia na kutoka, na kuna zamu (mlinzi wa usiku) anayelala hapo. Upande wa kushoto kuna lupango (kiwanja chenye nyumba) lenye wapangaji familia sita. Sitaki kumtaja mtu nisiyemwona. Lakini tangu Alhamisi nikisalimiana na jirani namtazama mikono, na hilo linanichosha kuliko kuni zenyewe.

Mwanangu mkubwa anataka kulala nje na panga. Nimemkataza, sijui atanitii mpaka lini.

Nisaidieni. Zilizobaki nizilinde vipi? Na nikimpata huyo mtu, nimfanye nini?

---

YaKampemba, Jumapili usiku

Mama, pole sana. Minasoma na roho inauma. Hata kwetu balikuya mu lupango mwaka jana, bakabeba kuni ya kilio, ile tulipanga kwa ajili ya wageni. Asubuhi batu banafika, tuko tunaazima kuni kwa majirani. Ile haya sitaisahau.

Usimwache mutoto alale inje na panga. Ile njo mwanzo wa shida ingine.

---

MchongaMilango, Jumapili usiku

Mama, mimi ni seremala, mbao zangu zinalala uani, nazo zimeibiwa mpaka nikajifunza. Nisikilize hatua kwa hatua.

Kwanza fanya hesabu. Steri 2 za vipande vya nusu mita ni zaidi ya kuni mia mbili. Mzigo wa mamia ya kilo. Hakuna mtu aliyeubeba kwa usiku mmoja juu ya ukuta bila mbwa wa avenyu nzima kubweka. Akichukua nne nne kila usiku, ni karibu miezi miwili. Kwa hiyo jiulize ni nani au ni kitu gani kilianza upande ule tangu mwezi wa 9. Mtu wa mbali hawezi kuja usiku hamsini. Na mwizi wa kuuza kwa jumla angekuja na baiskeli mara moja, abebe zote, usimwone tena. Huyu wako anachukua za kupikia.

Pili, safu mbili zilizogusana ndizo zilizokuponza. Hukuwa na njia ya kuona ya nyuma bila kubomoa ya mbele. Ukipanga upya, tengeneza safu moja moja, na kutoka ukutani acha nafasi ya mtu kupita na taa. Hata kwa kukauka ni bora, hewa inapita, na mchwa ukiwaona mapema unawawahi. Kwenye ncha za safu kingamanisha kuni, mbili hivi, mbili hivi, mpaka juu, zisimame zenyewe bila kuegemea ukuta. Zile za wiki hii na wiki ijayo zilete karibu na mlango wa jikoni.

Tatu, na hili ndilo nililotaka hasa kukuambia. Tafuta rangi ya mafuta, hata mabaki ya rangi ya geti. Ukishapanga, simama mbele ya safu upige mstari mmoja wa mshazari juu ya vichwa vya kuni, kutoka pembe ya chini kushoto mpaka pembe ya juu kulia. Kisha zunguka upige mwingine kwa nyuma. Mtu akichomoa kuni iliyoguswa na mstari, mstari unakatika. Akirudisha nyingine mahali pake, alama hazifuatani tena. Kila asubuhi unatazama mara moja tu na unajua. Chokaa usitumie, mvua ya kwanza itaiosha.

Tena weka vipande kadhaa ndani ya nyumba, kutoka magogo mbalimbali. Kuni mbili zilizokatwa kwenye gogo moja zinapatana kama kigae na chungu chake: pete za mti, ufa, gome, hata meno ya msumeno. Mtu akikuambia "kuni zote ni kuni", unamwekea ncha kwa ncha. Mimi nilipata mbao zangu tano namna hiyo.

Piga na picha, leo hii, kabla hujagusa kitu. Lile pango na yale magongo mawili.

---

KijanaWaRuashi, Jumatatu asubuhi

Mama, hao wote wanakuzungusha. Toboa kuni moja, jaza baruti, ziba kwa udongo, iache juu. Huku watu wa machimbo hawakosekani. Siku jiko la mtu likilipuka mtaa mzima utajua mwizi ni nani, na hataiba tena.

---

MuuguziWaUsiku, Jumanne alfajiri

Ndugu yangu wa Ruashi, nimetoka zamu sasa hivi na sikuweza kulala kabla sijakujibu.

Mimi ninafanya kazi na walioungua. Sitaji ni wapi. Nataka tu ufuate njia ya hiyo kuni yako tangu inapochomolewa. Mwizi ameruka nayo ukuta. Je, yeye ndiye anayepika? Mara nyingi siye. Anampa mke wake, au anaiuza kwa mama wa malewa (anayepika na kuuza chakula), au anaibadilisha kwa sahani ya bukari (ugali). Anayeinama mbele ya moto kuupuliza ni mwanamke, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Uso wake uko umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye hiyo kuni. Mtoto wa pili amekaa kwenye kigoda anangoja uji. Hao ndio utakaowajulisha kwa mtaa mzima.

Nimehudumia mtoto wa miaka mitatu aliyeungua kwa sababu mtu alimwaga petroli kwenye mbabula ili moto uwake haraka. Hiyo ilikuwa ajali. Kumbadilisha bandeji tulihitaji watu watatu wa kumshika. Mama yake alikuwa anasimama nje ya mlango, mikono kichwani, kwa sababu hakuweza kusikiliza. Wewe unataka kukitengeneza kitu kama hicho kwa makusudi, kwa ajili ya kuni.

Na vilevile hiyo kuni haina jina. Utaiweka juu, mvua itanyesha, mabati yatasogea, mwanao ataipanga mahali pengine. Baada ya miezi miwili mama mwenyewe ataiingiza chini ya nusu pipa la uji unaochemka. Je, wanawe wanne wanakaa wapi anapopika?

Wengine mtashauri misumari, vioo, tindikali ya betri. Jibu langu ni hilo hilo kwa vyote. Kuni mwisho wake ni jikoni, na jikoni hakuna mwizi peke yake.

Mama, pole. Nakuombea usingizi.

---

KijanaWaRuashi, Jumanne mchana

Muuguzi, nimesoma. Nimesoma mara mbili. Nilisema kwa hasira kwa sababu baba yangu waliiba pampu yake na hakuna aliyemsaidia. Maneno ya baruti nayaondoa. Mama, nisamehe.

---

NkamboWaKipushi, Jumanne jioni

Wanangu, mimi ni mzee, nilizaliwa mji huu ukiitwa Élisabethville. Miti ya muputu na mutondo tuliikuta kwa mguu, asubuhi unaondoka na shoka, mchana mama anapika. Mubanga tuliuacha kwa nguzo, maana ulikuwa unavunja mashoka. Sasa hesabu mwenyewe hawa vijana wa baiskeli wanaosukuma makala kutoka barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kasumbalesa. Wanalala njiani. Pori limerudi nyuma mwaka hadi mwaka, na kila lilivyorudi, kuni iliyo ndani ya mji imezidi kuwa pesa. Zamani mtu aliyeacha kuni nje hakuwa mjinga. Leo ni kama umeacha sahani ya chakula barabarani.

Nasema hivi ili mama asijilaumu, na ili tusimtafute mwizi mkubwa. Mwizi wa usiku hamsini ana njaa au ana baridi, au vyote viwili. Mwezi wa 7 huku mtu anayelala kwenye kibanda cha mifuko ya saruji anatetemeka.

Mama, fanya jambo moja ambalo seremala hakulitaja. Tangaza. Nenda kwenye bomba la maji asubuhi, wakati wote wapo, useme kwa sauti ya kawaida: "Jamani, nimeibiwa kuni, nimezihesabu, nimezitia alama, shefu wa avenyu anajua." Usimtaje mtu. Waambie wapangaji wote sita, mwambie fundi mkuu wa ule ujenzi. Wasio na hatia watafungua macho kwa ajili yako, na mwenye hatia atajua kwamba lile giza alilokuwa analitegemea limekwisha. Wengi huacha hapo hapo. Mimi naona hilo linazidi mbwa.

Kisha mwanao mwenye panga mpe kazi. Asimamie kupanga upya. Kijana asiye na kazi usiku ndiye anayelala na panga.

---

OpjMstaafu, Jumatano asubuhi

Nimefanya kazi ya ofisa wa polisi wa upelelezi miaka mingi, sasa nimepumzika. Niweke sheria ilivyo, maana watu wanadhani kuni si kitu mbele ya sheria.

Kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 79: mwenye kuchukua kwa hila kitu kisicho chake ni mwizi. Hakisemi dhahabu wala gari. Kifungu cha 80: wizi usio na nguvu wala vitisho, kifungo kisichozidi miaka 5 na faini. Kifungu cha 81: kifungo kinaweza kufika miaka 10 kama mwizi amevunja au amepanda ukuta, au kama ameiba usiku katika nyumba inayokaliwa na watu au sehemu zake. Ua ni sehemu ya nyumba. Kwa hiyo mama, huyu wa kwako kisheria yuko kwenye cha 81. Anayenunua huku akijua ni mali ya wizi naye ana kosa lake.

Na upande wako mnielewe vizuri. Kumshika mtu mkononi na kumpeleka kituoni, sawa. Kumpiga, kumvua nguo, kumfunga kamba akae juani, kumwita umati na matairi, hapana. Hapo mwenye kuibiwa anageuka mshtakiwa, na kesi ya kuni inasahaulika. Nimeona watu wazuri wakiharibikiwa hivyo.

Ukienda kulalamika, nenda na picha, idadi, tarehe uliyogundua, na kipande kimoja cha kulinganishia. Hakikisha malalamiko yameandikwa, yasomwe kwako kabla hujatia sahihi. Na ujue polisi hawawezi kumweka mtu ndani zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwa mwendesha mashtaka, hilo liko kwenye kifungu cha 18 cha Katiba. Basi usishangae ukimwona ametoka.

---

MuuzaKuni_Sokoni, Jumatano mchana

Mkubwa, sheria ni nzuri, lakini mimi nilienda kwenye kituo kimoja nikaambiwa nilete pesa ya mafuta ya pikipiki ya kumfuata mwizi. Nikatoa. Siku ya tatu nikaombwa karatasi za kuandikia. Mwisho nilitumia zaidi ya thamani ya kuni. Shefu wa kartie (mtaa) alinimalizia jambo hilo hilo kwa siku moja, bure.

---

OpjMstaafu, Jumatano jioni

Ndugu, sitakubishia, najua yanayotokea na yananiumiza kwa sababu ndiyo kazi niliyoitolea maisha. Ukiombwa pesa omba risiti, ukinyimwa risiti usitoe. Kuanza kwa shefu si kosa. Ila chochote mtakachokubaliana, kiandikwe, mashahidi watie sahihi.

---

MamaMunkoyo, Alhamisi ya wiki iliyofuata

Wapendwa, nimerudi. Nawashukuru kabla ya yote. Nitawaeleza kila kitu.

Jumatano ile wanangu walipanga upya, safu moja moja, mwanangu mkubwa akiwasimamia wadogo zake kama fundi. Rangi ilikuwepo, buluu ya geti, robo kopo. Mistari miwili, mbele na nyuma. Alhamisi asubuhi nilikwenda bombani nikasema kama nkambo alivyonifundisha. Magoti yalikuwa yananitetemeka. Mama mmoja kati ya wale wapangaji, ambaye mimi nilikuwa namtazama mikono, alikuja jioni kuniambia kwamba mtoto wake aliona kuni za mwembe, siyo mabaki ya mbao, zikiwaka pale anapopika mama wa malewa wa mafundi. Nilimwomba msamaha moyoni kisha nikamwomba kwa mdomo. Hakuelewa ninamwomba kwa nini, sikumweleza.

Siku sita mstari haukukatika. Jumanne usiku ilinyesha mvua kubwa na umeme ukakatika. Jumatano asubuhi, upande wa nyuma, mapengo matatu.

Sikwenda peke yangu. Nilimwita shefu wa avenyu, yule mama mpangaji, na fundi mkuu wa ujenzi. Niliwaonyesha mstari kwanza, kisha tukazunguka. Zamu alitufungulia mwenyewe. Ni baba wa makamo, si kijana. Shefu alipouliza habari ya kuni hakukana. Alitusogezea mifuko ya saruji, nyuma yake kulikuwa na kuni kumi na moja, tatu zina buluu. Nilikuwa nimebeba kipande cha kulinganishia, MchongaMilango, nikakiweka ncha kwa ncha na kimoja cha kule. Ufa ulipita moja kwa moja kutoka kipande hadi kipande. Fundi mkuu alivua kofia.

Zamu alisema hajalipwa miezi mitatu. Mwanzoni alichukua za kuota moto, kisha za kupikia, kisha mama wa malewa akawa anampa sahani ya bukari na sombe (majani ya muhogo) kwa kila kuni nne. Mama wa malewa alipoitwa alilia. Alidhani ni za mwenye jengo. Amerudisha ishirini na mbili, ndizo alizokuwa nazo.

Tulikaa kwa shefu mpaka saa 8 mchana, mwenye jengo alipofika. Alitaka kumfukuza zamu palepale. Nilisema hapana, kwanza alipwe, tena mbele yetu, kwa sababu nisingependa kuni zangu ziwe njia ya mtu kudhulumiwa mshahara wake. Ilichukua maneno mengi. Mwisho iliandikwa hivi: mwenye jengo amlipe zamu miezi yake mitatu ndani ya wiki, aninunulie steri 1 ya muputu mkavu, mafundi wake wapandishe ukuta kozi tatu kwa matofali yake, na juu ya ukuta wasiweke vioo. Zamu atanichanjia kuni Jumamosi nne. Sahihi tano, karatasi mbili.

Steri iliyobaki nimeiacha. Imeshaliwa.

---

KijanaWaRuashi, Alhamisi usiku

Mama, mwenye jengo ndiye aliyekuibia. Mtu asiyelipa zamu miezi mitatu anajua zamu atakula wapi.

---

MuuzaKuni_Sokoni, Ijumaa asubuhi

Mimi sikubali. Pole yote hiyo naielewa, lakini hata kama mafundi nao hawakulipwa, je, wote waliiba? Mama ni mjane mwenye watoto wanne, naye hakuruka ukuta wa mtu. Aliyechagua kuwaibia yatima, ni yeye mwenyewe aliyechagua. Mama, umemwachia kwa urahisi, na wengine wamesikia.

---

MamaMunkoyo, Ijumaa mchana

Ndugu muuza kuni, neno lako ni la haki, nami usiku nilijiuliza hivyo hivyo. Sikumwachia kwa sababu sikuumia. Nilipoona zile tatu za buluu nilitamani kumpiga kofi, na mkono uliinuka kidogo, shefu aliona. Lakini nitaishi naye ukuta mmoja mpaka ghorofa ile iishe. Ningempeleka ndani saa 48 angerudi, akiwa na njaa ile ile, na ukuta ungekuwa bado kifuani.

---

OpjMstaafu, Ijumaa jioni

Karatasi yako itunze mahali pakavu, mama. Akirudia, au mwenye jengo asipotimiza, hiyo ndiyo utakayoenda nayo. Makubaliano hayakufungii mlango wa mahakama.

---

MchongaMilango, Ijumaa usiku

Mama, hao mafundi wakipandisha kozi tatu juu ya ukuta wa zamani, waambie wakwangue kwanza tofali za juu zilizolainika kwa mvua. Wakijenga juu ya udongo uliokufa, Januari utakuwa nao tena chini. Na kuni za muputu zikifika usizichanganye na za mwembe. Mpaka uzigonge usikie zinalia, usiamini neno "mkavu" la muuzaji. Muuza kuni anisamehe.

---

MuuzaKuni_Sokoni, Ijumaa usiku

Nimekusamehe, ni kweli.

---

MuuguziWaUsiku, Jumamosi alfajiri

Mama, kuna jambo moja sikupata kuuliza. Yule mtoto wako wa panga, anaendeleaje?

---

MamaMunkoyo, Jumapili jioni

Dada muuguzi, panga liko jikoni, analitumia kukatia vijiti vya kuwashia. Analala ndani. Usiku wa kwanza wa mvua aliamka mara mbili kutazama dirishani, usiku wa pili mara moja.

Ukuta umefika juu ya kichwa changu. Walikwangua, MchongaMilango, nilisimama hapo hapo nikiwatazama. Muputu ulifika jana kwa baiskeli tatu. Niligonga kila kuni. Tisa hazikulia, nikazirudisha.

Jumamosi ya kwanza zamu alikuja saa 12 asubuhi, akachanja mpaka saa 4 bila kusema neno, wanangu wakimzunguka kwa mbali. Alipomaliza aliosha mikono, akaniomba kaa la moto akawashie kwake, kwa sababu mvua ilikuwa imezima moto wake. Nilimpa kaa. Kuni sikumpa.

Munkoyo wa leo umekwisha kabla ya saa 9. Kesho naanza na safu ya mbele, na mstari wa buluu itabidi niupige upya, maana kila nikichomoa mwenyewe unakatika. MchongaMilango, hapo unafanyaje?

---

MchongaMilango, Jumapili usiku

Chomoa kutoka ncha moja tu, mama, kulia kwenda kushoto, kuanzia juu mpaka chini. Mstari utafupika lakini hautakatika katikati. Ukiona pengo katikati, si lako.